Barua kwa mwanangu anayekwenda kupiga picha maghala ya pamba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi huku Kisesa hatujambo, mama yako goti linamsumbua lakini anatembea. Ameniambia kwamba ukishuka Mwanza hutapumzika hata siku moja, unaunganisha Magu, halafu Kwimba, kupiga picha maghala ya ushirika yaliyokarabatiwa. Na kwamba la kwanza kwenye orodha yako ni lile la kijijini kwetu. Ungeniambia mwenyewe. Simu ninayo.

Sikukatazi. Nasema tu kwamba kabla hujatoa kamera kwenye begi, ripoti kwa mtendaji wa kijiji. Usiishie kwa mwenyekiti wa kitongoji kwa kuwa nyumba yake iko karibu na barabara. Fika kwa mtendaji, andika jina kwenye kitabu cha wageni, upewe mtu wa kufuatana naye. Mali za ushirika zina maneno mengi. Mtu akifika na stendi, akazunguka jengo, akarudi nyuma akafumba jicho moja, wanaomtazama hawasemi huyu mpiga picha. Wanasema huyu dalali, au mpima ardhi, kesho tunasikia kiwanja kimeuzwa. Na ile droni uliyomwonyesha mdogo wako, kama huna kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga mkononi, iache mjini.

Picha ulizonitumia za lile ghala la barabara ya Musoma nimeziona. Nimezionyesha na kwa jirani, akauliza kama ni wewe kweli uliyepiga. Nilipokung'ang'aniza usome uhasibu sikujua kama picha zinaweza kumlisha mtu, basi. Mwanga ule wa asubuhi umeupendeza ukuta. Lakini binti yangu, wewe umepiga bati. Bati la msauzi, jekundu, na rangi ya krimu chini yake, utadhani zahanati mpya. Vile vidirisha vya juu karibu na paa vilikuwa vya kutoa joto na vumbi la pamba, vimewekwa juu hivyo ili mwizi asipitishe mkono. Mafundi wameviziba na wewe ukapita. Juu ya mlango kuna mwaka ulioandikwa kwa saruji, wakaupiga plasta. Rudi pale jioni, jua likiwa chini, usimame ubavuni mwa ukuta badala ya mbele. Namba zinajitokeza kwenye kivuli, unaweza kuzisoma. Hiyo hata mimi ningeitundika ukutani.

Na mahali pa mizani hukupapiga kabisa.

Shuleni mlimsoma Paul Bomani kama waziri wa fedha na balozi kule Marekani. Kwetu jina lake lilianza na mizani. Wakulima wa Usukuma walikuwa wanapeleka pamba kwa wanunuzi, mzigo aliouinua mtu kwa shida nyumbani ukifika dukani unakuwa mwepesi. Ndipo wakaanza kujipimia wenyewe kabla ya kuuza, vikaja vyama vya msingi, vyama vikaungana, na mwaka 1955 likapatikana lile shirikisho, Victoria Federation of Co-operative Unions, Bomani akiwa mbele. Senti zilizokatwa kwenye kila ratili ya pamba zikajenga maghala, na baadaye zikanunua hata vinu vya kuchambulia vilivyokuwa vya wafanyabiashara wa Kihindi. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, ghala lilijengwa kwa ajili ya mizani, pamba ilikuja kulala tu.

Sasa ukifika kwetu, tazama boriti ya pili kutoka mlango mkubwa. Ipo ndoano ya chuma, na mti umelika upande mmoja pale ilipokuwa inayumba. Wakati wa ukarabati waliweka dari chini yake, kwa hiyo mwombe mwenye funguo akufungulie tundu uchungulie na tochi. Sakafu iliyo chini ya ndoano ni laini kuliko kwingine kote humo ndani, kwa magunia yaliyoburutwa pale kila msimu. Vua viatu, utaiona kwa nyayo kabla ya macho.

Ila ripoti kwa mtendaji kwanza.

Wazee watakuuliza wewe binti wa nani. Wataje ukoo, usifiche, watajua tu kwa hiyo sura. Na ukishataja, wako watakaoanza habari za mizani. Mizani ile ilikuwa inakwama kwa vumbi, hilo lilijulikana kijiji kizima, na mtu wa kuikagua alikuwa anafika pamba imekwisha kuondoka. Wakulima nao si malaika. Furushi linanyunyiziwa maji usiku, mwingine anaweka mchanga katikati, halafu anasimama mbele yako na watoto wake anataka uandike safi kwenye pamba ambayo ni fifi kabisa, yaani ya daraja la chini. Uzito ukipungua kule kinuni anakatwa karani. Sasa karani mwenye watoto wanaosoma afanyeje? Wewe wasikilize. Usibishane nao, wala usinitetee. Kurekodi, sijui, hiyo ni kazi yako na siwezi kukupangia.

Mimi niliingia pale kama karani ushirika uliporudishwa kwa ile sheria ya 1982, maana mwaka 1976 serikali ilikuwa imevunja vyama vikuu na pamba ikapelekwa kwa Mamlaka ya Pamba. Mwaka 1994 soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na magari yao na mizani zao. Maghala yakabaki na popo. Mengine yamekuwa makanisa, mengine yanawekwa mpunga. Yaliyopata mfadhili yakapakwa rangi, ndiyo hayo unayafuata wewe. Yale ambayo hayajaguswa yapige kwa nje, usiingie, bati likishaoza na nyuki wakiwa wamehamia huna cha kutafuta humo.

Unaniuliza kama yanalindwa kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Haya ya kwetu ni ya juzi, mpaka waziri atangaze moja moja. Mwenye jengo akitaka kuvunja ukuta atavunja. Kwa hiyo usije ukapiga matano ukarudi Dar kwenye maonyesho yako. Piga yote, na nyuma ya kila picha andika kijiji, aliyekuonyesha, na siku hizo humo ndani mnafanyika nini. Niliona ile uliyoiandika "Ghala, Kanda ya Ziwa". Kanda ya Ziwa ina mikoa mingapi?

Ukipita Kwimba piga na vihenge, kama bado utavipata majumbani. Vimesukwa kwa fito, vikakandikwa udongo na samadi, na mtama wa nyumba nzima ulikaa humo. Hakuna mfadhili anayekarabati kihenge. Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, wanavyo vya kuonyesha wageni, ila mimi nataka cha mtu anayekitumia.

Mama yako anasema upitie hapa kwanza uchukue michembe, yale ya viazi vitamu vilivyokaushwa, amekutengea, na usimletee dagaa wa kukaanga, daktari kamkataza chumvi. Mimi niletee. Paa la jikoni linavuja upande wa kuni, fundi anataka bati nne, nimemwambia asubiri uje uone mwenyewe maana mkisikia bei mnadhani wazee tunaongeza. Mbuzi wa jirani amekula mihogo yote ya upande wa barabara, tumesuluhishwa, amelipa nusu.

Gari la Magu panda la asubuhi. Ofisi ya mtendaji inafungwa mapema, na siku za mnada hakai ofisini kabisa, kwa hiyo uliza kwanza mnada ni lini. Ukimkosa, lala kwa shangazi yako, urudi kesho yake. Usiseme ngoja nipige mbili tatu nikimsubiri.

Ada ya mdogo wako bado muhula huu. Ukituma, tuma kwenye namba ya mama yako. Laini yangu inadaiwa, hela ikiingia tu wanakata.

Baba yako