Wauguzi nao wapate wa kuwasikiliza

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mkunga hapa Tukuyu, mwaka wa 14 kazini. Mwaka jana ilifika mahali zamu ya usiku ikikaribia, mikono inakuwa mizito. Malaria nilipima, presha nilipima, hakuna kitu. Nilianza kuwafokea akina mama wenye uchungu, na hilo liliniumiza kuliko uchovu wenyewe.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii ya kuchoshwa kupita kiasi na kazi (kwa Kiingereza burnout) kuwa ni matokeo ya msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa, halikuiita ugonjwa.

Nilisaidiwa na muuguzi mstaafu aliyesomea ukocha wa kazi, yaani kumsaidia mtu kwa maswali aone mwenyewe njia kazini. Kila Alhamisi saa nzima, kwake, mvua ikinyesha kama kawaida ya Rungwe. Hakunipa mawaidha. Aliniuliza, “Mwanangu, kipi unakibeba ambacho si chako?” Kumbe nilikuwa nashika zamu za wenzangu wawili kwa kuona haya kukataa! Tukaandika maneno ya kumwambia msimamizi, nikayakariri njia nzima ndani ya Noah.

Kocha haongezi watumishi. Usiku wodini bado tuko wawili. Lakini bila yeye ningeacha kazi. Halmashauri za Nyanda za Juu Kusini ziwatengee wauguzi na walimu saa hiyo ya kocha, ndani ya muda wa kazi.

Mkunga,
Tukuyu, Mbeya