Barua kwa Mwanangu Kuhusu Neno Spana

Mwanangu mpendwa,

Sisi hapa nyumbani hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza kwa nini kitabu cha chuo kinaandika “wrench” wakati wewe umekua gerejini ukisikia spana.

Chombo ni kile kile. Wamarekani husema “wrench”, neno lenye asili ya kusokota, na Waingereza husema “spanner”, ambalo ndilo tulilolipokea sisi. Waingereza nao walilitoa kwa Wajerumani katika karne ya 17, kutoka kitenzi “spannen”, yaani kuvuta au kukaza, na wakati huo spana ilikuwa kifaa cha kukazia springi ya bunduki za kale zilizowashwa kwa gurudumu la chuma. Hunifurahisha kwamba jina lataja kukaza, ilhali sisi mchana kutwa tunafungua.

Hata hivyo, gerejini hakuna anayeomba spana tu. Huomba spana namba 13, na hapo ndipo ninapotaka utulie. Namba hiyo si unene wa bolti, kama wanagenzi wengi wanavyodhani, bali ni upana wa kichwa chake kwa milimita, kutoka ubavu mmoja hadi ubavu unaouelekea. Bolti yenye unene wa milimita 8 kwa kawaida huwa na kichwa cha 13, lakini katika magari mengi ya Kijapani utaikuta na kichwa cha 12.

Nilipokuwa mwanagenzi nilipewa Land Rover ya zamani, ambayo bolti zake ni za inchi. Kichwa kilikuwa cha nusu inchi, yaani milimita 12.7, nikapachika namba 13, ikaingia, nikaridhika. Mwanya wa milimita 0.3 jicho haliuoni, lakini mkono huuhisi, kwa maana spana hucheza kidogo kabla ya kushika. Nilipuuza mchezo huo, nikavuta kwa nguvu, spana ikateleza, kona zote sita zikalika, na bolti ile tuliitoa kwa tindo na nyundo mpaka jua likazama. Fundi wangu hakunigombeza, ila alinikabidhi kile kichwa kilicholika nikae nacho.

Ile yenye mdomo wa kurekebisha mafundi huiita spana malaya, jina ambalo silipendi ingawa utalisikia kila gereji. Itumie kwenye mabomba ya maji. Bolti za injini usiziguse nayo, kwa sababu taya lake linalotembea huachia kadiri unavyovuta.

Nimekutumia kifurushi kwa basi la kesho asubuhi: namba 10, 12, 13, 14, 17 na 19. Ya nusu inchi nayo imo, nimeifunga uzi mwekundu ili usiichanganye na ile ya 13.

Ni mimi baba yako.