Usigawe jezi kwanza

Ndugu yangu Hamisi,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, baridi tu ndiyo inatutesa. Zubeda kaniambia mzee kakupa neno: ama mpira, ama chuo cha sheria. Na wewe eti umeshaanza kugawa jezi za timu! Hebu tulia kidogo.

Huku Marekani kulikuwa na mtu anaitwa William Henry Lewis. Kazaliwa Virginia mwaka 1868, wazazi wake waliwahi kuwa watumwa. Akasoma chuo cha Amherst, 1891 akawa nahodha wa timu ya chuo, kisha akaja Chuo Kikuu cha Harvard kusomea sheria. Mpira wao ni ule wa Kimarekani, wa kukumbatiana na kuangushana. Yeye akicheza katikati ya mstari, pahala pa majitu, na kilo zake hazikuzidi 80 (wewe kabla hujaoa). Mwaka 1892, na tena 1893, akateuliwa kwenye kikosi bora cha vyuo vya Marekani nzima, Mweusi wa kwanza kufika hapo. Yote hayo na vitabu vya sheria mkononi.

Sasa sikia. Mwaka huohuo wa 1893 kinyozi Mzungu wa hapahapa Cambridge, mji wa Harvard jimboni Massachusetts, akakataa kumnyoa. Nyota mzima wa Harvard! Mimi ningevunja kioo. Yeye akaenda kudai sheria ibadilishwe, na bunge la Massachusetts likaingiza vinyozi kwenye sheria ya kukataza ubaguzi. Hapo ndipo ninapomfikiria mzee wako. Mpira haukumpatia kiti kwa kinyozi, ni kweli. Lakini angekuwa mwanafunzi tu asiyejulikana, wangemsikiliza? Sijui… ila hakuacha kimoja. Akaandika kitabu cha kufundishia mpira, 1896, akawa kocha Harvard miaka mingi huku ni wakili. Mwaka 1911 Rais Taft akamfanya msaidizi wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani. Chama cha mawakili cha Marekani kilipotaka kumtoa uanachama kwa rangi yake, akagoma kujiuzulu. Mbishi kama mama yako.

Kwani masomo ni ya mchana au jioni? Mazoezi hayawezi kusogezwa alfajiri? Mzee anachukia mpira wenyewe, au anachukia wale mnaokaa nao kijiweni baada ya mechi? Umemuuliza? Na jezi umempa nani, Hamisi, si Kibwana?

Wako,
Selemani