Salimu, kabla hujakata bati la dashibodi

Ndugu yangu Salimu,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Barua yako imefika salama pamoja na picha za ndege unayoijenga ikiwa imesimama kwa magurudumu yake yenyewe, na kila jioni nazichukua tena nizitazame. Riveti za mkiani zimenyooka vizuri sana. Hongera, na mfikishie shemeji hongera zake pia, maana najua nani alikuwa ndani ya bomba lile akishikilia chuma wewe ukigonga kwa nje. Sisi huku wazima wa afya.

Umeniuliza uweke skrini za dashibodi za Dynon au za Garmin. Nimekawia kukujibu kwa sababu sitaki nikutajie jina tu halafu likufunge miaka yote utakayoirusha ndege hiyo. Skrini za siku hizi zote ni nzuri, Salimu. SkyView HDX ya Dynon, G3X Touch ya Garmin, za GRT, za MGL wa Afrika Kusini, zote zitakuonyesha upeo, yaani ndege imelala au imeinama vipi, ramani, vilima vilivyo mbele yako na joto la kila silinda. Ukisimama mbele ya yoyote kati yake ikiwa imewashwa utatamani kuondoka nayo. Kwa hiyo tuanzie upande mwingine. Chukua karatasi kubwa, chora kila kifaa unachotaka kuweka na kila waya wa umeme unaokilisha, kisha shika kalamu nyekundu na uvifute kimoja kimoja. Kila ukifuta kimoja, jiulize umebaki na nini machoni. Mfumo utakaokuachia cha kukufikisha chini salama, kila mara, ndio wa kununua. Mimi sijui njia nyingine ya kuchagua ninayoweza kumshauri mtu ninayempenda.

Elewa kwanza kwamba hapa hununui skrini, unaoa ukoo mzima. Kompyuta inayokokotoa upeo, kisanduku cha injini, mota za otopailoti, transponda inayojitambulisha kwa rada, mara nyingi na redio, vyote vinazungumza kwa nyaya za pamoja na kwa lugha ya mtengenezaji mmoja. Mota za huyu hazitatii skrini ya yule. Raha yake ipo: nyaya zinapungua, pampu ya vakyumu na uzito wake vinaondoka, otopailoti na ramani vinaelewana bila wewe kuhangaika. Lakini ukichagua skrini umekwisha kuchagua na otopailoti, na mabano ya mota zake hufungwa ndani ya bawa na mkia, mahali ambapo hutapafikia kirahisi ukishafunga mabati.

Sasa turudi kwenye kalamu nyekundu. Umeandika kwamba unataka skrini mbili za inchi 10 "ili moja ikizimika nibaki na nyingine." Hapo ndipo nilipoweka barua yako chini nikafikiri. Skrini mbili zinazosoma kompyuta moja ya upeo ni mfumo mmoja wenye sura mbili. Ile kompyuta ikikosea, zote mbili zitakuonyesha uongo uleule, kwa rangi zilezile, na kwa kuwa zinakubaliana utaziamini. Hata ukiweka kompyuta mbili za kiwanda kimoja, bado zinaendeshwa na programu moja, na kasoro ya programu huzipata zote kwa pamoja. Na hata ukiweka za viwanda viwili, kama zote zinapumua kupitia mrija mmoja wa pitoti, ule wa kupima kasi ya hewa pale chini ya bawa, mdudu mmoja akijenga kiota humo amezipiga zote. Fuata mstari mpaka mwisho wake kila mara. Usikomee kwenye skrini.

Kuhusu hiyo kompyuta ya upeo nataka nikae kidogo, maana ndiyo moyo wa jambo na watu hawaiulizi. Ndani hakuna gurudumu linalozunguka kama kwenye jairo za zamani. Kuna vipande vidogo vya silikoni vinavyohisi mzunguko, na vipande hivyo huteleza polepole, kwa hiyo lazima kuwe na kitu cha kuvisahihisha. Vihisi vya mvutano vinasaidia kusema chini ni wapi, lakini ukiwa kwenye kona ndefu iliyopinda vizuri mwili wako unaona chini ni sakafu ya ndege, na vihisi navyo vinaona hivyohivyo. Ndiyo sababu kompyuta huhitaji kujua mwendo wako ili iondoe ule udanganyifu wa kona. Mwendo huo inaupata wapi? Dynon wanaandika wazi kwamba upeo wa SkyView unahitaji kasi ya hewa au GPS ili ubaki sahihi. Hii ina maana pitoti ikiziba, GPS ndiyo inayokushikia upeo, na hapo antena ya GPS haiko kwa ajili ya ramani peke yake. Muulize kila mtengenezaji swali hili kwa maandishi: nikipoteza kasi ya hewa upeo wangu unakuwaje, na nikipoteza GPS pia unakuwaje? Atakayekujibu moja kwa moja, msikilize hata kwa mengine.

Halafu kuna suala la mahali pa kuiweka, na hili halisubiri. Kwenye SkyView, dira ya sumaku imo ndani ya kisanduku kilekile cha upeo, kwa hiyo kisanduku chote kikae mbali na chuma na mbali na nyaya za umeme mkubwa, kimenyooka sambamba na mhimili wa ndege, na mirija ya pitoti na ya hewa tulivu uifikishe hukohuko. Wengi hukiweka nyuma ya sehemu ya mizigo. Kwenye G3X dira ni kipande cha peke yake, unaweza kukipeleka kwenye ncha ya bawa huku kompyuta ikibaki karibu na dashibodi. Sasa angalia ncha hiyo ya bawa ina nini: taa ya kumeta na waya wake. Kabla hujafunga lolote, weka kifaa mahali pake kwa utepe, washa taa, mota za flapu na hita ya pitoti, moja baada ya nyingine, ukitazama namba ya mwelekeo. Ikisogea taa inapowaka, hapo si mahali pake.

Nyaya zenyewe sina wasiwasi nawe, mikono yako naijua. Ila tumia waya wa anga wenye ganda la Tefzel, si ule wa PVC, kwa sababu PVC ikiungua ndani ya chumba kidogo moshi wake ni sumu. Ukichukua Garmin, vifaa vyake vinazungumza kwa njia ya CAN, yaani jozi moja ya nyaya wanayoitumia wote, na njia hiyo lazima iwe na rezista ya omu 120 kila mwisho, mbili tu, si tatu. Zima umeme wote, pima kati ya nyaya mbili za CAN: mita ikisoma karibu 60, njia ni nzima. Ikisoma 120 mwisho mmoja umesahaulika au waya umekatika. Kipimo hicho kinachukua dakika moja na kitakuokoa siku nzima za kutafuta kwa nini kifaa kinatokea na kupotea.

Kuna jamaa mmoja uwanja wetu aliyewasha injini mpya, sote tumejipanga kuisikiliza. Injini inanguruma vizuri, lakini kwenye skrini joto la silinda ya tatu linashuka. Zile nyingine zinapanda, hii inashuka, kama vile ina barafu. Alitaka kuzima na kufungua silinda. Fundi mzee aliyekuwapo akainamia nyuma ya dashibodi na tochi, akacheka, akabadilisha waya mbili. Nyaya za themokapo, yaani kipima joto cha silinda, aina ya K za Marekani ni ya njano na nyekundu, na humo nyekundu ndiyo hasi. Mkono uliozoea betri huipeleka nyekundu kwenye chanya bila kuuliza kichwa. Na usiunganishe kipande cha shaba katikati ukidhani waya ni waya. Themokapo inataka metali yake ileile mpaka kwenye kisanduku.

Tangi za mafuta utazipima mwenyewe, hakuna kiwanda kitakachokufanyia. Unaanza tangi likiwa tupu kabisa, unamimina kiasi kidogo kilichopimwa, unasubiri mafuta yatulie, unabonyeza skrini irekodi, unamimina tena, hadi lijae. Ndege yako ina gurudumu la mkia, kwa hiyo ikiwa imekaa chini pua iko juu na mafuta yamelala nyuma. Zoezi lifanye pia mkia ukiwa umeinuliwa sawa na inavyoruka. Ni kazi ya kuchosha, na harufu yake utalala nayo. Lakini kipimo cha mafuta kinachosema kweli kina thamani kuliko picha nzuri ya milima, nami ningekubali kukosa ile picha.

Kuhusu umeme: kila mfumo unaofikiria uwe na betri yake ya akiba, na akiba hiyo uijaribu kweli kwa kuzima swichi kuu ukiwa chini. Faida ya kwanza utaiona siku ya kuwasha injini. Stata inapovuta, volti za betri kuu zinaporomoka, na skrini isiyo na akiba hujizima na kuanza upya wakati uleule unaotaka kuona presha ya oili ikipanda. Presha isipoonekana ndani ya sekunde 30 unatakiwa kuzima injini, sasa utaionaje kwenye skrini inayoonyesha nembo ya kiwanda?

Umetaja pia kwamba siku moja utataka kuingia mawinguni. Basi jua kwamba skrini hizi, hata zikichora njia ya kutua kwa uzuri gani, si kifaa cha GPS kilichoidhinishwa kwa kukaribia uwanja kwa vyombo. Utahitaji kifaa kama GTN 650Xi ya Garmin au IFD440 ya Avidyne pembeni. Acha nafasi yake kwenye bati leo, na waya wa kukiunganisha na skrini, hata kama utakinunua baadaye. Pitoti nayo iwe ya kupashwa joto.

Kabla hujafurahi kupita kiasi, kuna hili. Mwaka 2010 NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali, ilitoa uchunguzi wake wa ndege ndogo za injini moja zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2006, ikilinganisha zenye skrini na zenye saa za duara. Zenye skrini zilipata ajali chache zaidi kwa jumla, lakini ajali za vifo zilikuwa kwa kiwango kikubwa zaidi. Sehemu ya sababu ni namna ndege hizo zinavyotumiwa, safari ndefu na hali mbaya ya hewa, na bodi hiyo ilisisitiza mafunzo ya kifaa chenyewe mtu anachorusha. Kwa hiyo ukishafunga, keti ndani ya ndege ikiwa chini, unganisha chaja, na jifunze. Zima skrini kuu ukiwa katikati ya kubadilisha masafa. Ingia kwenye menyu ukiwa umefumba macho. Hapo utajua pia kwa nini napendelea skrini yenye vitufe vya kuzungusha: hewa ikichafuka, kidole kwenye kioo laini kinagusa kila kitu isipokuwa unachokitaka, lakini kitufe unakishika na mkono unatulia.

Nisikuzungushe tena. Kwa ndege hii, na kwa namna unavyoruka, mimi ningeweka HDX moja ya inchi 10 yenye kompyuta mbili za upeo, pitoti yenye tundu la pili la kupima pembe ya bawa kwa upepo, na G5 ya Garmin, skrini ndogo ya upeo inayojitegemea, pembeni ikiwa na betri yake, ambayo wanasema inadumu hadi saa 4. Nimechagua kiwanda tofauti makusudi, ili kasoro ya mmoja isiwe ya mwingine. Ile skrini kubwa ya pili iache kwanza. Mwenzako akikaa kulia anaweza kutazama nje. Ila mota za otopailoti na mabano yake agiza sasa, skrini zenyewe ziagize mwisho kabisa, ndege ikiwa karibu kuruka, maana skrini iliyokaa kwenye boksi miaka miwili inazeeka na dhamana yake inakwisha kabla haijaona mawingu.

Ukishachora ile karatasi nipigie picha unitumie, pamoja na alama za kalamu nyekundu, kabla hujakata bati. Na nijibu haraka hili moja: ncha ya bawa la kushoto bado iko wazi, au umeshaifunga?

Nisalimie shemeji na watoto.

Nduguyo,
Hamisi