Mtunzi ana mke, naye aandikwe

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikishie waandishi wako ombi langu: mnapoandika habari za watunzi wa nyimbo, ulizeni na habari za wake zao.

Kilichonisukuma ni tamthilia ya Kijapani iitwayo Yell, iliyorushwa na shirika la utangazaji la huko, NHK, mwaka 2020. Binti yangu aliniwekea kwenye simu, nikawa naitazama jioni tukishamaliza kubangua korosho. Ina vipande 120, kila kimoja robo saa. Imetokana na maisha ya mtunzi Yuji Koseki wa Fukushima na mkewe Kinko, mwimbaji. Koseki ndiye aliyetunga muziki wa gwaride la Olimpiki ya Tokyo ya 1964, ambayo hata Tanganyika ilipeleka wanamichezo.

Na wawili hao walikutanishwa na gazeti, Mhariri. Liliandika kwamba kijana wa Fukushima ameshinda tuzo ya utunzi Uingereza, binti wa Toyohashi akasoma, akamwandikia barua. Wakaoana 1930.

Katika tamthilia wanaitwa Yuichi na Oto. Oto anasomea uimbaji, anachaguliwa kuwa mwimbaji mkuu katika opera ya Verdi, La Traviata, kisha anapata ujauzito na nafasi inapotea. Miaka inapita, vita vinakuja, mume anatunga nyimbo za kuwatia askari moyo, halafu vita vikiisha hawezi hata kushika kalamu kwa majuto. (Nawapongeza Wajapani kwa kutolificha hilo.) Baadaye Oto anapata tena nafasi kwenye opera, na anagundua kwamba amechaguliwa kwa ajili ya jina la mumewe. Anajitoa. Hapo nililia, na binti yangu hakuelewa kwa nini.

Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa kwaya hapa Masasi. Alitunga nyimbo nyingi, na baadhi zinaimbwa hadi leo, Newala mpaka Nachingwea. Alikuwa anatunga kwa kuimba tu, huku anatembea uani. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa na taa ya chemli nikiandika nota za do re mi, kwanza sauti ya kwanza, kisha ya pili, ya tatu na ya nne, halafu nanakili karatasi za wanakwaya wote. Sauti ya kwanza niliijaribu mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Ikinishinda pale juu, anashusha. Kuna viitikio ambavyo maneno yake ni yangu, na mume wangu alilisema hilo wazi mbele ya kwaya. Alipofariki, gazeti moja liliandika habari zake vizuri sana, nami nikatajwa mwishoni: "ameacha mjane na watoto wanne." Mwandishi alikuja nyumbani, akanywa chai, akaniuliza tarehe ya kuzaliwa ya mume wangu na kijiji alichotoka. Madaftari yalikuwa kabatini, kwa mwandiko wangu, na angeomba ningemwonyesha.

Sitaki kumpunguzia marehemu heshima yake, maana kipaji kilikuwa chake. Lakini huku Mtwara na Lindi watunzi wa kwaya ni wazee sasa, na wake zao wako hai, wanakumbuka wimbo upi ulitungwa msiba gani, nani aliuimba kwanza, na karatasi ziko wapi. Watumeni waandishi wenu wakawaulize sasa, kabla mchwa hawajamaliza madaftari.

Mjane wa mwalimu wa kwaya,
Masasi, Mtwara