Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa kusagisha kwa pamoja

Ndugu wanachama, akina mama wenzangu na vijana mliojiunga mwaka huu, salamu kwenu wote. Mahesabu mweka hazina atayasoma mwenyewe kwenye mkutano kwa hiyo siyagusi hapa, mimi naongelea siagi ya karanga, maana ndo iliyobeba mwaka wetu na ndo inayobishaniwa kila siku kwenye grupu.

Mnakumbuka ilivyokuwa, kila mtu anasaga kwake na kimashine chake, huyu siagi yake laini yule ina chenga, huyu kakaanga mpaka imekuwa kahawia yule bado nyeupe, na zote zina lebo moja ya chama. Mteja anainunua leo anaipenda, akirudi mwezi ujao anakutana na kitu kingine kabisa. Mtambo wetu wenyewe hatuna mtaji wa kuununua, ndo tukaingia mkataba na kiwanda ambacho tayari kina mashine, kina vibali na kina mtu wa ubora. Lakini nilisema tangu mwanzo na narudia, kiwanda hata kiwe kizuri namna gani kinasaga kile ulichokipeleka, kwa hiyo mpango wetu unaanzia kwenye karanga, kiwandani ni mwisho wa safari.

Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye karanga na nafaka, haionekani kwa macho. Wapo wanaosema ukizikaanga vizuri inakufa, jamani si kweli, ukungu unakufa lakini sumu yenyewe haiishi yote, inapungua tu. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa karanga ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo kwa jumla, na ile aina yake inayoitwa B1 isizidi 5, na tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yalipotoka TFDA (iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa) kwenda TBS (Shirika la Viwango) ni TBS ndo tunaodili nao. Msione ni urasimu, mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumu hii hii, ingawa pale ilikuwa hasa ni mahindi, na karanga zetu nyingi zinatoka hukohuko Dodoma.

Ndo maana safari hii tulinunua mapema, wakati wa mavuno, karanga zikiwa bado kwenye maganda yake, badala ya kusubiri mwisho wa mwaka ambapo bei imepanda na mzigo umeshalala kwenye stoo usizozijua. Mama aliyetununulia kule anachukua moja anaitikisa karibu na sikio, zikicheza ndani ya ganda zimekauka, zikiwa kimya anamrudishia mkulima azianike tena, halafu bado tunapima unyevu kwa kipimo. Baada ya kubangua ndo meza ya kuchambua: iliyonyauka, iliyobadilika rangi, iliyopasuka ngozi, yenye tundu la mdudu, zote zinatoka. Kazi inachosha na najua mnalalamika posho ni ndogo, nimelipeleka kwenye kamati, ila hakuna mashine tuliyo nayo inayopunguza sumukuvu kama mikono yenu pale mezani.

Halafu oda. Kile kiwanda hakitutengenezei sisi peke yetu, wana wateja wengine, na kila wanapobadilisha bidhaa lazima waoshe mashine zote za uzalishaji, tena karanga ndo zaidi kwa sababu kuna watu zinawadhuru vibaya hata kwa chembe kidogo. Kuosha ni muda na ni hela, iwe umeleta gunia moja au gari zima gharama ni ileile, kwa hiyo ukienda peke yako na kimzigo kidogo bei kwa kopo haiwezi kushuka. Na pigeni hesabu kabla: makopo 1,000 ya gramu 400 ni kilo 400 za siagi, lakini karanga lazima zizidi hapo maana unyevu unaondoka kwenye kukaanga, ngozi zinaondoka, na siagi nyingine inabaki imeng'ang'ania ndani ya mashine.

Kuhusu yale makopo yaliyovuja mafuta. Kiwanda kilibadilisha msambazaji wa vifuniko bila kutuambia, vipya vilikuwa vyepesi na havikazi vizuri. Kilichotuokoa ni yale makopo ya sampuli tuliyoyasaini pande zote mbili kabla ya kuanza, moja liko kwao na moja liko ofisini kwetu, tukalilaza la sampuli na moja la mzigo mpya ubavu, kila moja juu ya gazeti lake, usiku kucha, asubuhi la sampuli gazeti lake kavu na la mzigo mpya limechora duara la mafuta, hapo hakuna wa kubishana na mwenzake. Kwa sababu kila kopo lina namba ya bechi tulirudisha bechi ile tu, mengine yakaendelea kuuzwa, na kiwanda kikabeba gharama. Sasa mkataba mpya una kipengele kwamba hawabadilishi chochote, iwe kifuniko, chumvi au kiwango cha kukaanga, mpaka tumekubali kwa maandishi, na bechi ya kwanza ya kila oda lazima mwanachama mmoja awepo anaangalia rangi na kuonja.

Kingine ambacho sikubali tukirahisishe ni umiliki. Jina la bidhaa lisajiliwe BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa jina la chama, kiwanda kisiwe na haki nalo, na mapishi yalindwe kwenye mkataba wa usiri, ili siku tukitaka kuhama tuhame na bidhaa yetu. Katibu yuko kwenye hilo.

Mwaka ujao naomba kila mwanachama alete makadirio yake ya makopo na nusu ya hela kabla mvua hazijaisha, tuwahi mavuno, na tuipe kamati nguvu ya kukataa oda zitakazokuja baada ya hapo. Najua wengine mtaji unawabana kipindi hicho cha ada za shule, mwenye shida anifuate mapema tupange alipe kidogo kidogo. Fomu ziko kwa katibu, na siku za kuchambua zitabandikwa kwenye grupu kiwanda kikishatupa tarehe yetu.