Paka wa mitaani wametoka majumbani mwetu

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nimjibu msomaji mwenzangu aliyependekeza paka wanaozurura mitaani watiliwe sumu, ili kelele za usiku na vurugu za mapipa ya taka ziishe. Kero anazozitaja ni za kweli. Madume wanaopigana chini ya dirisha usiku wa manane huwanyima watu usingizi, na harufu ya mkojo wao ukutani haitoki kwa maji matupu. Ninachokipinga ni dawa aliyoichagua, na ninapinga zaidi anavyowazungumzia paka hao kana kwamba wameota ardhini kama uyoga. Paka wa mitaani ana ukoo. Ufuatilie ukoo huo vizazi viwili vitatu nyuma, utafika kwenye mlango wa nyumba ya mtu.

Jirani yangu mmoja alihama akapakia kila kitu, hadi ndoo na kamba za kuanikia nguo. Paka akabaki. Alikuwa jike wa rangi ya majivu, ana baka jeupe shingoni, amezoea kulala juu ya kochi. Siku zilizofuata alikaa kwenye kizingiti cha nyumba tupu. Kila gari lilipopunguza mwendo alisimama, mkia wima, na paka akisimamisha mkia hivyo huwa anamwamkia mtu anayemjua. Gari likipita, anakaa tena. Njaa ilipomzidi akaanza kushuka kwenye mapipa, na haukupita muda mrefu tumbo lake likaonekana.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi 4 tu. Mimba hukaa takriban siku 63 hadi 65, na anaweza kupandwa tena hata kabla hajawaachisha watoto kunyonya. Watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti. Nao wakikulia mtaroni bila kushikwa na mkono wa mtu katika wiki za mwanzo, hasa kati ya wiki ya 2 na ya 7, watakuwa paka shume wanaomkimbia kila binadamu. Kutoka kwenye kochi hadi mtaroni ni safari ya chini ya mwaka mmoja.

Sasa tuje kwenye sumu. Sumu haimuulizi anayeila ni wa nani. Itamuua paka wa mtaani, paka wa jirani aliyechanjwa na kupendwa, mbwa, na hata bundi atakayemla panya aliyekwisha kuionja. Mtoto anayecheza uani naye ana mikono. Kifo chenyewe huwa cha mitukutiko na povu, na huweza kuchukua saa nyingi. Baada ya mateso yote hayo, tatizo hubaki palepale: mahali penye mabaki ya chakula na pa kujificha, paka wachache waliosalia huzaana haraka, na wengine huja kujaza nafasi. Kuwabeba kwa magunia na kuwatupa mbali nako huishia huko huko, ila mateso yanakuwa yamehamishwa mtaa.

Kinachopunguza idadi ni kuwakamata, kuwahasi, kuwachanja na kuwarudisha walipotoka. Italia iliandika jambo hili katika sheria yake namba 281 ya mwaka 1991: paka wanaoishi huru hawauawi ovyo, huhasiwa na kurudishwa kwenye kundi lao. Wakiwa bado chini ya nusukaputi, daktari wa mifugo hukata ncha ndogo ya sikio moja, mara nyingi la kushoto, ili anayemwona kwa mbali ajue huyu ameshafanyiwa na asikamatwe tena bure. Dume aliyehasiwa kwa kawaida hupunguza kuzurura, kupigana na kupuliza mkojo ukutani. Kwa maneno mengine, nyingi ya kero za msomaji mwenzangu zinatibiwa kwa upasuaji mdogo.

Nimeshiriki kazi hii na majirani, na naweza kusema haihitaji ushujaa, inahitaji utaratibu. Paka huzoeshwa kula mahali pamoja kwa saa ileile. Usiku wa kuamkia siku ya kutega hawapewi chakula. Mtego wa wavu huwekwa na chambo mwisho kabisa, nyuma ya kile kibao kinachofyatua mlango, ili paka aingie mzima mzima. Mlango ukianguka atarukaruka na kujigonga kwenye wavu, na hapo ndipo wengi huingiwa na huruma wakataka kumfungulia. Msimfungulie. Funikeni mtego kwa shuka nzito. Giza likimzunguka, mara nyingi hutulia. Wala asishikwe kwa mikono mitupu. Meno ya paka ni membamba na huingiza vijidudu ndani kabisa ya nyama, na kichaa cha mbwa humpata paka pia. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Njia hii ina masharti yake. Ukihasi wawili katika kundi la kumi na tano, hujafanya kitu. Lazima sehemu kubwa ya kundi ifikiwe, na kila mgeni akamatwe mapema. Tena si kila mahali panafaa kuwarudisha paka nje. Katika kisiwa cha Stephens, New Zealand, ndege mdogo asiyeweza kuruka alitoweka duniani katika miaka ya 1890, muda mfupi baada ya paka kufika huko. Penye viumbe dhaifu vya aina hiyo, paka akae ndani. Mpenda paka anayekataa kulisikia hili hawasaidii paka wala ndege.

Na sisi tunaowalisha, tuambiane ukweli. Sahani ya chakula kila jioni bila mpango wa kuhasi inaongeza matumbo ya kulishwa mwakani. Simwambii mtu aache. Kiumbe mwenye njaa alishwe. Lakini sahani iondolewe baada ya nusu saa, mahali pafagiliwe, maji safi yaachwe, na kila mlishaji awajue paka wake kwa sura ili mgeni akionekana ajulikane. Maziwa ya ng'ombe tuyaache, kwa sababu paka wengi wakubwa hawawezi kuyasaga na huishia kuharisha. Vilevile tusiwe wepesi wa kuokota vitoto vilivyolala peke yake. Mama yao huenda yuko mawindoni na atarudi. Ukikaa mbali na kutazama kwa saa kadhaa, mara nyingi utamwona akija kimya kimya, akisimama kila hatua chache kuangalia nyuma. Vitoto vikiwa baridi au katikati ya hatari, hilo ni jambo jingine. Hapo vitiwe joto kwanza, ndipo chakula kifuate.

Kuna paka wanaotupwa kwa sababu ya hofu, na hili linaniuma kwa sababu hofu yenyewe inatibika kwa maelezo. Mama akipata mimba, huambiwa amwondoe paka haraka. Vimelea vya toksoplasma vipo, na vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini kwa kawaida paka huvitoa kwenye kinyesi kwa wiki chache tu, anapoambukizwa mara ya kwanza, na vikishatoka huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Mchanga wa choo chake ukibadilishwa kila siku, na mtu mwingine wa nyumbani akiifanya kazi hiyo, hatari hupungua sana. Mama akikosa msaidizi, avae glavu na kunawa kwa sabuni. Nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa nazo huleta vimelea hivyo hivyo, wala hatujasikia mtu akiambiwa alitupe jiko.

Yule jike wa rangi ya majivu yuko kwangu sasa, amefungwa kizazi, na watoto wake wamepata nyumba. Mwanzoni hakukubali kuguswa. Nilikuwa nakaa sakafuni upande wa pili wa chumba, namtazama kisha nafumba macho polepole na kuyafumbua. Siku moja naye akafumba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walichapisha utafiti mwaka 2020 ulioonyesha kwamba paka huitikia ufumbaji huo wa taratibu, na huelekea zaidi kumsogelea mtu aliyewafanyia hivyo. Siku hizi hunipanda mapajani, hukanda nguo yangu kwa mikono miwili kama alivyokanda titi la mama yake, na mngurumo wake nausikia kwenye mifupa. Nani alisema paka hawapendi watu? Wanapenda kwa taratibu zao, na anayezivumilia taratibu hizo hupewa mengi.

Kuvumilia huko kunaambatana na kujifunza. Paka hunguruma akiwa na raha, na hunguruma pia akiwa na maumivu, hivyo mngurumo peke yake si cheti cha afya. Kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu. Dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini nazo ni hatari kwake. Maua ya lily ya bustanini (si yungiyungi la majini) huharibu figo zake. Dume anayeingia na kutoka chooni akijikamua bila mkojo kutoka hapaswi kusubiri kesho, maana njia ikiziba anaweza kufa ndani ya siku chache. Ajabu ni kwamba wengi wetu tunajua mambo haya kuhusu simu zetu, yaani nini kinaiua betri na nini kinavunja kioo, na hatuyajui kuhusu kiumbe tunayelala naye.

Nakuomba basi, mhariri, utenge kona ndogo ya daktari wa mifugo, hata mara moja kwa mwezi, ajibu maswali ya wasomaji wanaofuga na wanaolisha paka. Maswali hayatakosekana. Kwa anayehama karibuni, naomba chapa hili hata kama barua yangu utaipunguza: paka asafiri ndani ya kikapu au boksi lenye matundu, apewe chumba kimoja tulivu katika nyumba mpya pamoja na kitambaa chenye harufu ya nyumba ya zamani, na asiachiwe kutoka nje kabla ya wiki 2 hadi 3. Akitolewa mapema anaweza kutoka kuitafuta nyumba ya zamani akapotelea njiani.

Wako,
Mfugaji wa paka